Risasi ya Chai na Dai la Mueda: Kuanza kwa Vita vya Ukombozi wa Msumbiji

Tarehe 25 Septemba huadhimishwa nchini Msumbiji kuwa siku ambayo vita vya ukombozi vilianza. Siku hiyo, mwaka 1964, kikosi kidogo cha wapiganaji wa Frelimo kilichoongozwa na Alberto Chipande kilishambulia kituo cha utawala wa Kireno huko Chai, mkoani Cabo Delgado. Makala haya yanafafanua kwa nini tukio hilo limepewa hadhi ya mwanzo ilhali damu ilikwisha kumwagika kabla yake, na ni nini kinachopotea tukianzia hapo pekee.

Tarehe 16 Juni 1960, umati ulikusanyika Mueda, katika nyanda za juu za Wamakonde, kusubiri jibu la gavana wa Kireno kwa Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane. Wawili hao walitoka Tanganyika, ambako Wamakonde wengi walifanya kazi katika mashamba ya mkonge na ambako harakati za TANU zilikuwa zimepamba moto. Walidai uhuru, na walilitumia neno hilo hilo la Kiswahili. Walikamatwa, umati ulipopinga, askari walifyatua risasi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa na wanahistoria hadi leo, lakini walionusurika waliondoka na funzo moja: dai la mdomo limejibiwa kwa bunduki.

Funzo hilo halikuzaa vita papo hapo. Mwezi Juni 1962, vyama vya UDENAMO, MANU na UNAMI viliungana jijini Dar es Salaam kuunda Frelimo chini ya Eduardo Mondlane. Vijana walipelekwa Algeria kupata mafunzo ya kijeshi, kisha wakavuka Mto Ruvuma wakiwa na silaha. Agosti 1964, padri Mholanzi aliuawa karibu na misheni ya Nangololo, lakini Frelimo haikulihesabu tendo hilo kuwa lake. Shambulio la Chai, kwa upande wake, lilitokana na amri ya chombo chenye uongozi na lengo. Ndiyo maana linahesabiwa kuwa mwanzo wa vita.

Hata hivyo, amri pekee haikutosha. Mapambano yaliyopangwa Tete na Zambezia yalififia mapema, kwa kuwa Malawi haikuwa njia ya kutegemewa ya kupitishia mahitaji. Yale ya Cabo Delgado yalidumu kwa sababu mbili: Tanzania ilikuwa ngome ya nyuma, na wanavijiji waliokumbuka Mueda waliwaficha wapiganaji, wakawalisha na kuwabebea mizigo.

Hivyo basi, Chai inaeleza jinsi vita vilivyoanza, na Mueda inaeleza kwa nini vilipata watu wa kuvibeba hadi Mkataba wa Lusaka wa 1974. Kufundisha tarehe ya kwanza bila ya pili ni kuwaenzi walioshika bunduki na kuwasahau waliodai uhuru wakiwa mikono mitupu.