Mzee Anapotetemeka: Fahamu Ugonjwa wa Parkinson

Mkono wa mzee unatetemeka hata akiwa ameketi tu. Hatua zimekuwa fupi, uso hauonyeshi tabasamu, sauti imefifia. Jirani mmoja anasema ni uzee, mwingine anasema amerogwa. Huenda ni ugonjwa wa Parkinson, na kuna dawa ya kumsaidia.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka wa 1817 na James Parkinson, daktari wa London. Husababishwa na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Watafiti wamegundua kwamba protini iitwayo alfa-sinukleini hurundikana ndani ya seli hizo. Dawa ya kuzuia seli zisife bado haijapatikana. Hata hivyo, tangu miaka ya 1960 wagonjwa wametumia levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Wengi hupata nafuu kubwa.

Tatizo kubwa kwetu ni kutotambuliwa. Katika Wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu wapatao 161,000. Walipata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini.

Utafiti sasa unamwangalia Mwafrika pia. Mwaka wa 2023, wanasayansi walitangaza badiliko katika jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya ugonjwa huu kwa watu wenye asili ya Afrika. Wagonjwa wengi waliochunguzwa walikuwa Wanigeria. Badiliko hilo ni nadra sana kwa Wazungu, ndiyo maana tafiti za Ulaya hazikuligundua. Kenya ni mojawapo ya nchi saba za Afrika zilizo katika mradi wa TraPCAf, unaochunguza ugonjwa huu na matunzo yake.

Wakulima nao wachukue tahadhari. Shirika la Afya Duniani limetaja viuatilifu kuwa miongoni mwa vitu vinavyoongeza hatari. Unaponyunyizia mahindi dawa, vaa glavu, barakoa na buti, kisha oga.

Ukiona dalili hizi:

• Mpeleke mgonjwa kituo cha afya kilicho karibu. Daktari huutambua ugonjwa kwa kumsikiliza na kuangalia mwendo wake. Anaweza kumpa rufaa hadi hospitali ya kaunti, Kitale au Bungoma, au hadi Hospitali ya Moi, Eldoret.
• Beba dawa zote anazotumia. Baadhi ya dawa za kutapika na za magonjwa ya akili huleta dalili kama hizi.
• Asiache levodopa ghafla bila ushauri wa daktari.
• Asijitibu kwa mbegu za upupu. Ni kweli zina levodopa, lakini kiasi chake hutofautiana na chaweza kumdhuru.
• Atembee na kufanya mazoezi kila siku.

Mzee asifichwe nyumbani. Kila mwezi anaokaa bila dawa ni mwezi wa kuanguka na kulishwa, ilhali angeweza kushika kikombe chake mwenyewe.