Tope la Ewaso na Kijani Kinacholifuata

Wakati wa masika, Ewaso Ng'iro unaopita chini ya daraja la Archer's Post huwa na rangi ya udongo mtupu. Chota maji yake kwa kikombe, yaache yatulie, na tope litajikusanya chini. Katika mto wa namna hiyo huoni jani wala uzi wa kijani. Lakini kwenye hifadhi ya Buffalo Springs, upande wa kusini wa mto huohuo, maji ya chemchemi ni maangavu kiasi cha kuhesabu changarawe, na juu ya mawe nyuzi za kijani zinachezacheza na mkondo. Jua linalowaka sehemu zote mbili ni moja. Kinachozitenganisha ni kiasi cha mwanga kinachofika chini ya maji.

Nyuzi hizo ni mwani. Msomaji wa Pwani atakumbuka mashamba ya mwani ya Kibuyuni kule Kwale, lakini mito ya bara nayo ina mwani wake, na sehemu kubwa yake ni mdogo mno, hauonekani bila hadubini. Mwani hauna mizizi wala maua. Unachotaka ni mwanga, mahali pa kushika, na virutubisho, hasa naitrojeni na fosforasi. Katika mito yetu ya kaskazini, mara nyingi kinachopungua ni mwanga, na ukishalijua hilo, mengi ya Ewaso yanaeleweka.

Tuanzie juu. Mto huu huanzia Mlima Kenya na Nyandarua, na vijito kama Naro Moru, Burguret na Nanyuki hushuka vikiwa baridi na safi. Okota jiwe la ukubwa wa ngumi kwenye kijito kimojawapo, ulipitishie kidole. Utahisi utelezi wa rangi ya kahawia. Wengi huuona uchafu, kumbe ni diatomu, mwani wa seli moja moja unaojijengea ukuta wa silika, madini yaleyale yanayotengenezewa kioo. Miamba ya volkeno ya mlima ule huitoa silika kwa wingi. Sasa ligeuze jiwe juani ulitazame kwa karibu: kuna vijia vyembamba vilivyosafishwa, vimepindapinda. Hapo mabuu ya wadudu wa majini na konokono wamekuwa wakila. Samaki hula mabuu, mdiria hula samaki. Chakula kingi cha kijito kinaanzia kwenye utelezi ule.

Silika haitoki kwenye miamba pekee. Utafiti wa mto Mara uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba viboko, wanaokula nyasi nchi kavu usiku na kunya majini mchana, huingiza mtoni takriban tani 0.4 za silikoni, kiungo kikuu cha silika, kila siku. Nyasi huinyonya kutoka ardhini, kiboko anaihamisha, diatomu zinaipokea. Kisa hiki kinanivutia kwa sababu kinaonyesha jinsi kiumbe kisichoonekana kwa macho kinavyoweza kumtegemea mmoja wa wanyama wakubwa kuliko wote barani. Ukiwapunguza viboko, au ukiweka ng'ombe mahali pao, umeugusa mwani hata kama hukukusudia.

Mto ukishaiacha milima na kukatiza Laikipia na Samburu, mambo hubadilika. Malisho yaliyokwanguliwa na mifugo hayawezi kuushika udongo mvua inapopiga, na kila laga, yaani kijito cha msimu wa mvua, humwaga mzigo wake mtoni. Tope hilo hufanya kazi mbili zinazopingana. Linazuia mwanga, kwa hiyo mwani wa chini unakufa njaa ya jua. Lakini fosforasi ina tabia ya kushikamana na chembe za udongo, kwa hiyo tope hilohilo ndilo linalobeba chakula cha mwani. Ewaso wa masika una chakula tele ndani ya giza.

Mafuriko nayo yana kazi yake. Yalipokuja Machi 2010, Ewaso ulizoa kambi za watalii na kambi ya watafiti wa tembo kule Samburu. Mkondo wenye nguvu kama huo hubiringisha mawe, na mwani hung'olewa karibu wote. Hilo si janga kwa mto. Ndani ya majuma machache, maji yakipungua, diatomu ndogo zinazolala bapa juu ya jiwe hurudi kwanza, kisha zile zenye vikonyo, kisha nyuzi za kijani. Mwani wa mito yetu umezoea kuanza upya.

Usichozoea ni mto kusimama. Miongo ya karibuni, Ewaso umekuwa ukikauka karibu na Archer's Post miezi ya kiangazi, na ukame wa 2009 uliwafanya wengi waone mchanga mtupu pale walipozoea kuona maji. Ukame ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni maji yanayotolewa juu, Nanyuki na Timau, kumwagilia mboga, maua na ngano, kwa mabomba halali na yasiyo halali. Mto ukikatika, hubaki vidimbwi, na hapo ule mkataba wa tope na mwanga huvunjika. Maji yakitulia, tope huzama. Mwanga huingia kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na chakula kilichoshuka na tope kipo palepale chini. Kisha ng'ombe, ngamia, mbuzi na tembo wa eneo zima huja kunywa mahali pamoja, wakiongeza kinyesi na mkojo wao. Maji hupata joto. Ndani ya siku chache kidimbwi hugeuka kijani.

Mchana kijani hicho hutoa oksijeni kwa wingi, hata mapovu huonekana. Usiku huitumia. Karibu na alfajiri oksijeni inaweza kwisha kabisa, na samaki hupanda juu wakitweta. Kambare huvumilia kwa sababu anaweza kuvuta hewa, wengine hufa.

Hatari kubwa zaidi inaletwa na sianobakteria, ambazo watu huzihesabu pamoja na mwani ingawa kwa ukoo ni bakteria. Nyingi zina vifuko vya hewa, huelea zitakavyo, na baadhi hutengeneza sumu za ini au za mishipa ya fahamu. Baada ya tembo zaidi ya 300 kufa Okavango mwaka 2020, serikali ya Botswana ilitangaza kwamba chanzo ni sumu ya sianobakteria kwenye maji ya kunywa. Hapa kwetu, sumu zake zimepatikana kwenye Ziwa Bogoria, ziwa hilohilo ambamo sianobakteria nyingine ndiyo chakula kikuu cha heroe. Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kukwambia lolote.

Mfugaji asiye na maabara ana njia mbili za kupima. Ingiza fimbo kwenye kijani: kikining'inia kama nyuzi, ni mwani wa kawaida, kikitiririka kama rangi ya ukutani, shuku sianobakteria. Au jaza chupa angavu, iache usiku kucha. Kijani kikipanda chote juu, usinyweshe. Kuchemsha hakusaidii, kwani sumu ya ini haivunjwi na moto na seli zinazopasuka huimwaga ndani ya maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa kwa mikrosistini, sumu inayojulikana zaidi ya aina hiyo. Upepo husukuma utando hadi ukingo mmoja, hivyo chota upande upepo unakotoka. Afadhali zaidi ni kisima cha kuchimba mchangani, kando ya kidimbwi, kama wenyeji wanavyofanya tangu zamani. Mchanga huchuja seli nyingi, ijapokuwa hauondoi sumu yote iliyokwisha kuyeyuka.

Kwa maoni yangu, vyama vya watumiaji maji vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2002 vinagombania lita tu, na hiyo ni nusu ya hesabu. Mtiririko mdogo unaoendelea kiangazi chote una thamani zaidi kuliko maji mengi yanayoachiliwa siku mbili kisha yakakatwa, kwa sababu maji yanayotembea hayaipi sianobakteria muda wa kujaa.

Hoja hiyo inagusa pia bwawa lililopendekezwa kwenye Ewaso, pale Crocodile Jaws, katika mipango ya ushoroba wa uchukuzi wa LAPSSET. Ukuta utazuia tope. Nyuma yake kutakuwa na maji tulivu, yenye joto, mwanga na fosforasi ya Laikipia, yaani kidimbwi cha kiangazi kinachodumu mwaka mzima. Chini yake mto utatoka mwangavu, na mawe ya Archer's Post yataota mwani ambao hayajawahi kuuona. Kabla jiwe la kwanza halijawekwa, fosforasi, mwanga na mwani wa Ewaso vinapaswa kupimwa masika na kiangazi, miaka kadhaa mfululizo, kuanzia Naro Moru hadi Merti. Kazi ya kupima diatomu yenyewe inahitaji mswaki wa kusugulia mawe, chupa na hadubini, na Afrika Kusini imekuwa ikiifanya kwa miaka mingi.