Mshipi mkuukuu na sindano mbili: Hivi ndivyo unaanza kushona ngozi

Toa waleti yako mfukoni. Usihesabu pesa, hizo najua ni kidogo, tuko wengi. Angalia ukingo, pale ilipokatwa. Ukiona nyuzinyuzi zilizoshikana kama sponji iliyobanwa, hiyo ni ngozi. Ukiona kitambaa chini na ganda jembamba juu, ganda ambalo pengine limeanza kubambuka, basi ulinunua plastiki iliyovaa suti.

Sasa fikiria umeishona mwenyewe, kwa mkono, ukiwa nyumbani kwenu Suneka, Keroka au Kebirigo. Inawezekana, na huhitaji mashine wala cheti.

Najua swali linalofuata. "Inalipa?"

Huku Gusii ukiwa kijana, hasa yule ambaye bado anatafuta kazi, kila kitu unachoshika lazima kipigiwe hesabu. Ukifuga kuku watatu unaulizwa utauza lini. Ukipiga picha nzuri unaulizwa harusi unachaji ngapi. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu siku hiyo kila mtu wa ukoo ana mpango wa biashara wa kunipa. Naomba hilo swali tuliweke kando kidogo. Miezi ya kwanza hutauza kitu, na hiyo ndiyo raha yake. Unajifunza bila mteja kukusimamia kichwani, bila deni, bila mtu wa kukupa alama. Mara ya mwisho ulijifunza kitu hivyo ilikuwa lini?

Mwalimu yuko kando ya barabara

YouTube ina video kibao za kushona ngozi, na nyingi ni nzuri. Shida ni kwamba yule jamaa wa Marekani ana meza ya marumaru na kisu cha bei ya kodi yako ya miezi miwili. Ukimfuata yeye utafunga simu ukisema hii ni ya matajiri.

Anza na fundi wa viatu wa mtaani kwenu. Yule mwenye mwavuli mkubwa na sanduku la mbao, unayempita kila siku ukikimbilia matatu. Anajua kunoa, kukata, kutoboa na kuvuta uzi mpaka ukae, na vifaa vyake vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja wa gunia.

Usimwendee wiki ya kufungua shule, hapo hana hata muda wa kukutazama. Nenda siku ya kawaida. Kama ni asubuhi mwambie "Bwakire, tata", ukae chini, umwombe akuonyeshe. Beba chai na mandazi. Aliyenifunza mimi hakuitisha hata shilingi, lakini siku mbili za kwanza hakunipa ngozi. Alinipa kisu na jiwe la kunolea. Nilidhani ananipimia akili. Siku ya tatu nilikata mkanda mmoja kwa mvuto mmoja, mstari ukanyooka, nikaelewa. Kisu butu unakisukuma kwa nguvu, na kikiteleza kinaenda kwa kidole.

Shangazi mmoja alipita akaniona hapo. Kabla jioni alikuwa amempigia mama simu, kuuliza kama ni kweli mtoto wake wa chuo siku hizi anashona viatu kando ya barabara. Mama alimwambia ni kweli, na kama ana viatu vilivyochanika avilete.

Nakuambia hili mapema kwa sababu litakupata. Wengi hawashindwi na sindano, wanashindwa na macho ya watu. Kwa hivyo jua kwamba kazi hii ina heshima yake. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kule Nyeri, kinatoa digrii ya teknolojia ya ngozi. Thika kuna kituo cha serikali cha kufunza utengenezaji wa viatu. Na hapa kwetu, kabla ya duka lolote, wazee walikuwa wakifunika obokano kwa ngozi ya ng'ombe. Kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane hakilii bila ngozi iliyovutwa sawasawa juu ya bakuli lake. Kwa hivyo hushiki kitu kigeni.

Ngozi ya bei nafuu iko kwa mitumba

Ngozi mpya huuzwa kwa futi mraba, na ukiwa Nairobi soko la Kariokor ndilo watu wengi hukimbilia. Lakini wewe bado unajifunza. Panda matatu hadi Kisii mjini, ingia Daraja Mbili, tafuta jaketi la ngozi lililochanika zipu, mkoba uliokatika mikono au mishipi ambayo hakuna anayeitaka. Muuzaji atafurahi kuviondoa. Jaketi moja litakupa vipande vya mwezi mzima.

Kagua kabla ya kulipa. Nusa kwanza: plastiki hunuka kama pazia jipya la bafu, ngozi hunuka ngozi. Geuza upande wa ndani uone kama kuna manyoya mafupi laini au ni kitambaa. Kisha ukunje kwa kidole gumba. Ngozi hutoa mikunjo midogo inayopotea ukiachilia, plastiki hukunjika kama karatasi.

Utasikia pia watu wakitaja aina mbili. Ngozi nyingi za viwandani hulainishwa kwa kemikali ya kromiamu. Ni laini, hazijali maji sana, na ndizo ziko kwenye jaketi na viatu vingi. Nyingine hulainishwa kwa maji ya magome ya miti, kama yale ya miwati. Eldoret kulikuwa na kampuni nzima, EATEC, iliyokuza miwati kwa ajili hiyo. Ngozi ya magome ni ngumu kidogo, hunywa maji ukiidondoshea, na ukingo wake ukiusugua unang'aa. Mshipi mzito wa zamani unaweza kuwa wa aina hiyo. Ukiupata usiuachie.

Kwa waleti tafuta ngozi ya unene wa milimita moja hadi moja na nusu. Ya mshipi iwe milimita tatu hadi nne.

Vifaa: angalia jikoni kwanza

Unahitaji kisu kikali au wembe wenye kishikio, rula ya chuma, na ubao wa kukatia. Unahitaji msharasi, ile sindano nene ya fundi yenye mpini. Ukikosa, noa msumari mwembamba uupige kwenye kipande cha mti. Nunua sindano mbili kubwa, uzipige msasa ncha zisiwe kali, maana tundu litakuwa limeshatobolewa na ncha kali itachoma uzi badala ya kupita. Uzi uwe wa nailoni, ule ule wa fundi, na uupake nta ya nyuki au mshumaa usichakae. Vibanio vya nguo vitashika vipande visicheze. Na uma wa mezani, ndiyo, ule wa kula, utakuwekea alama za matundu zikiwa na nafasi sawa.

Gundi ya viatu ukiitumia, itumie nje kwenye hewa, kidogo, na ufunike mkebe mara moja. Ule mvuke ni sumu. Mimi ninatumia vibanio tu, hazijanishinda.

Kazi ya kwanza: kifuko cha kadi

Usianze na mkoba. Utachoka katikati uutupe chini ya kitanda. Anza na kifuko cha kadi ya benki, ambayo ina urefu wa karibu milimita 86 na upana wa milimita 54.

Kata vipande viwili vinavyolingana, kila kimoja upana sentimita 7 na urefu sentimita 8.5. Viweke mgongo kwa mgongo, upande mzuri nje, uvibane. Chora mstari milimita nne kutoka ukingoni kwa pande tatu, juu ubaki wazi. Pitisha uma juu ya mstari, ukirudisha jino la kwanza kwenye alama ya mwisho kila mara. Toboa kila alama kwa msharasi, ukiushika wima. Msharasi ukilala, mbele mshono utakuwa umenyooka na nyuma umelewa.

Sasa uzi. Kata mara nne ya urefu wa mshono. Hapa mshono hauzidi sentimita 24, kwa hivyo mita moja inatosha. Vaa sindano kila ncha. Pitisha sindano moja kwenye tundu la kwanza, uvute mpaka pande zote zilingane. Tundu la pili, sindano ya kushoto inaenda kulia, na ya kulia inapita tundu hilo hilo kwenda kushoto. Angalia isichome uzi wa mwenzake. Vuta zote mbili kwa pamoja, kwa nguvu ile ile. Endelea hivyo hadi mwisho, rudi nyuma matundu mawili, kata, kisha choma ncha kidogo kwa kiberiti ili nailoni ijifunge.

Kwa nini taabu ya sindano mbili? Mshono wa mashine una nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya ngozi. Moja ikikatika, nyingine inakosa cha kushika na mshono unaanza kufumuka. Hata fundi wako, akitumia msharasi wake wenye ndoano, hushona kwa njia inayofanana na hiyo kwa sababu ni haraka na soli inamngoja. Mshono wa sindano mbili ni tofauti. Kila tundu limepitiwa mara mbili, na uzi mmoja ukikatika mwingine unabaki umeshika. Ndiyo maana watengenezaji wa matandiko ya farasi huutumia hadi leo, maana mshono ukiachia hapo mtu anaanguka.

Maliza ukingo. Kama ni ngozi ya magome, piga msasa, lowesha kidogo kwa kidole, usugue kwa kitambaa cha jinzi mpaka ung'ae. Mimi nina kipande cha jiwe la Tabaka kilichong'arishwa, lile la kuchongea vinyago, na kinateleza vizuri sana kwa kazi hiyo. Ngozi ya jaketi haitang'aa hata ukisugua mpaka Krismasi. Hiyo ikate tu safi, uiache.

Jambo moja la huku kwetu: mvua. Unajua Kisii na Nyamira inanyesha karibu kila alasiri, na nyumba inakaa na unyevu. Ngozi ukiifungia kwenye mfuko wa plastiki itaota ukungu ndani ya wiki chache. Iweke kwenye kitambaa, mahali penye hewa. Ikilowa, ikaushe kivulini. Ukiipeleka karibu na jiko inakauka kama biskuti na kupasuka.

Inakupa nini basi?

Sitakudanganya kwamba inalipa karo. Nimeshona vitu vingi, nimeuza vichache, vingi vimeenda kwa marafiki. Lakini ukishatoka chuo bila kumaliza, siku zinapoteza umbo. Unaamka, simu, unakula, simu, kamari kidogo, unalala, na wiki imeisha bila kitu cha kushika. Saa mbili za kushona jioni zina mwanzo na mwisho. Mshono uliovuta vibaya unauona hapo hapo, unaufumua, unaurudia, hakuna wa kungoja atoe matokeo. Mimi nilihitaji kujua kwamba bado ninaweza kuanza kitu nikakimaliza. Pengine nawe unahitaji.

Kama siku moja utataka kuuza, sawa, soko lipo na utakuwa na mkono tayari. Lakini usianze na bei.

Kwa hivyo Jumamosi hii tafuta mshipi mkuukuu wa ngozi, hata wa baba, ukimwomba kwanza. Mwendee fundi akunolee kisu huku ukitazama anavyofanya. Kata, toboa, shona sentimita kumi tu. Andika tarehe nyuma kwa kalamu, uweke mahali pazuri, halafu wiki ijayo shona zingine kumi uzilinganishe.

Na akitokea wa kuuliza unauza ngapi, mwambie bado. Arudi ukifika kifuko cha tano.