Meza ya Jirani ni Darasa la Mtoto

Tangu John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alipoigundua almasi ya Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940, mgodi umevuta watu wa makabila mengi kwenye ardhi ya Wasukuma. Watoto wao husoma pamoja na kuimba kwaya moja kwa Kiswahili. Wazazi wengi Wakristo huona hilo linatosha. Mimi naona halitoshi, na shahidi wangu ni mtume Petro.

Petro alikuwepo siku ya Pentekoste, kila mgeni aliposikia matendo ya Mungu kwa lugha ya kwao. Hata hivyo, kabla hajaingia kwa Kornelio, mtu wa mataifa, huko Kaisaria, ilibidi aoneshwe maono mara tatu, na maono yenyewe yalihusu chakula. Baadaye, kule Antiokia, aliogopa kusemwa na wenzake Wayahudi akajitenga na meza ya watu wa mataifa, hadi Paulo akamkemea hadharani. Imani alikuwa nayo. Malezi yalikuwa bado yanamvuta.

Ndiyo maana nasisitiza sahani. Mtoto mdogo hutazama uso wa mama kabla ya kuonja. Mama akikunja pua mbele ya senene wa jirani Mhaya, au nsansa, mboga kavu ya mwenyeji Msukuma, somo limeshaingia, na shule ya Jumapili itapata kazi kulitoa. Mpeleke mtoto akale huko. Ajue kuamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", asubuhi, anawe, aonje, aulize michembe ya viazi hukaushwaje. Ladha ikimshinda, aache kwa adabu. Heshima haimlazimishi kupenda kila kitu.

Mkipata nafasi, mfikisheni Bujora, karibu na Mwanza. Padre David Clement, mmisionari Mkanada, alianzisha pale makumbusho ya Wasukuma, na kanisa la hapo limejengwa kwa umbo la msonge. Wakati wa Bulabo, sherehe inayokwenda na sikukuu ya Ekaristi, vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Mtoto ataona kwa macho yake ibada na mila vikikaa pamoja.

Je, kila mila ipokelewe? Hapana. Shinyanga imezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyounguzwa na moshi wa jikoni miaka nenda rudi. Mtoto aambiwe waziwazi kwamba huo ni uovu. Aambiwe pia kwamba Wasukuma wengi wanaupinga, asije akachukia kabila zima kwa dhambi ya wauaji. Na akimkuta njiani bibi mwenye macho hayo, amwamkie kama bibi yake, ampokee na mzigo.