Breka ya Ampea 16 Haimjui Mwogeleaji

Pampu ya bwawa la nyumbani inayokula kilowati 1.5 huvuta ampea 7 hivi kwenye umeme wa volti 230. Fundi huifungia breka ya ampea 16 na waya wa milimita 2.5, na hapo hajakosea. Waya hautaungua. Ila breka hiyo kazi yake ni waya tu. Aliye majini hayumo kwenye hesabu.

Mwili uliolowa tuukadirie omu 1,000. Gawa 230 kwa 1,000, unapata miliampea 230. Miliampea 10 hivi zinatosha kukaza misuli mtu ashindwe kuachia ngazi ya chuma, na kuanzia 50 mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Breka nayo haishtuki mpaka zipite 16,000. Kwake mtu anayekufa ni mzigo wa balbu ya wati 50.

Mwenye nyumba atasema anayo athi. Tuipigie hesabu nayo. Fimbo ya shaba iliyochimbiwa uani ikiwa na ukinzani wa omu 20, na sili ya pampu ikachakaa hadi maji yakaingia kwenye mota, mkondo unaokimbilia ardhini ni 230 gawa kwa 20: ampea 11.5. Hazifiki 16! Breka inakaa tu, ganda la pampu limebeba karibu volti zote 230, na uniti 63 zinamwagika ardhini kila siku. Kwa shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni shilingi 22,000 na ushei. Wengi hushtushwa na luku kabla ya kushtushwa na pampu, nao ndio wenye bahati.

Kinachomjali mtu ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, kilichoandikwa 30mA usoni. Hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Pengo likifika miliampea 30 kinakata, na kwa uvujaji mkubwa hukata ndani ya sekunde 0.04. Kwa fimbo ileile ya omu 20, ganda la pampu haliwezi kukaa juu ya volti 0.6 bila kifaa kukata. Marekani walianza kudai ulinzi wa aina hii mwaka 1968, na walianzia kwenye taa za ndani ya mabwawa.

Bei isiwe kisingizio. Hata ukiuziwa RCD kwa shilingi 100,000, pampu hiyo ikifanya kazi saa 8 kwa siku hula uniti 360 kwa mwezi, shilingi 126,000.

Tatizo kubwa ni usumbufu. RCD moja ikibeba nyumba nzima, friji, kompyuta na mashine ya kufulia huvujisha kidogo kidogo, na kifaa cha 30 kinaruhusiwa kukata kuanzia 15. Nyumba ikishazoea kuvuja 12, pampu ikiongeza 4 taa zote zinaweza kuzimika. Fundi anaitwa, anakiruka kwa kipande cha waya, analipwa, na kila mtu anafurahi. Huo ndio utundu ninaouogopa kuliko pampu mbovu.

Ipe pampu kifaa chake peke yake, na taa za majini chao. Kila mwezi bonyeza kitufe cha T pampu ikiwa inazunguka. Isipozimika papo hapo, zima meni swichi na asiingie mtu bwawani mpaka kibadilishwe.