Umeachiwa Beetle ya babu? Jua vipande vya injini kabla fundi hajavigusa

Siku moja simu inalia. Ni mjomba, anapiga kutoka mashambani. “We kijana, kuja utoe hili gari la babu yako hapa kwa boma, la sivyo nitaita watu wa chuma kuukuu.” Wikendi unafika, unafunua turubai, kuku wanatoka mbio, na hapo chini ni Volkswagen Beetle. Unafungua mbele ukitafuta injini. Unakuta tangi la petroli na gurudumu la spea.

Usicheke. Wengi wetu tulianzia hapo.

Injini iko nyuma. Na dalali wa kwanza akiitazama atatikisa kichwa na kukuambia imekufa, mbona hata rejeta haina? Kisha atakupa bei ya chuma. Kabla hujakubali, jua kwamba injini hii haijawahi kuwa na rejeta. Haitumii maji hata tone. Hupozwa kwa upepo na oili peke yake. Ni injini ya aina hii iliyoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye barabara zetu hizi hizi za vumbi na matope. Beetle ya mwisho ya muundo huo ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21. Kwa hivyo ulicho nacho si takataka.

Shida ni moja. Usipojua kipande kipi ni kipi, utauziwa usichohitaji na kutupa unachohitaji. Twende polepole.

Simama nyuma ya gari

Fungua boneti ya nyuma, uso wako uelekee mbele ya gari. Kulia kwako ndiko kulia kwa gari.

Kitu kikubwa utakachoona ni bati jeusi lililosimama kama ukuta wenye mabega. Hilo ndilo boma la feni. Feni yenyewe huioni, imejificha ndani. Mbele ya hilo bati, katikati, kuna kitu cha mviringo kilicholala kama mkebe mrefu: jenereta, ile inayochaji betri. Ikiwa ni kinene na kifupi, kuna mtu aliyebadilisha akaweka olteneta. Imeketi juu ya kigoda cha chuma, na upande wa kulia wa hicho kigoda kuna mdomo wa kumiminia oili.

Sasa fuata mkanda. Unatoka kwenye puli kubwa chini hadi puli ya jenereta juu. Hapa shika neno: feni imefungwa kwenye shafti ile ile ya jenereta, upande wa pili. Mkanda ukikatika, hukosi chaji tu, unakosa pia upepo wa kupoza injini. Ndiyo maana taa ya chaji ikiwaka kwenye Beetle ukiwa barabarani, husemi “nitafika nyumbani kwanza.” Unaegesha gari papo hapo, unazima, unaangalia mkanda. Kwa gari la maji unaweza kubahatisha kilomita kadhaa. Hapa utachoma injini.

Juu katikati, mbele ya boma la feni, ni kabureta. Ile kofia ya plastiki yenye nyaya tano nene ni distributa: waya wa katikati unatoka kwenye koili, na nne zilizobaki zinaenda kwenye plagi. Pampu ya petroli iko jirani na distributa. Utaijua kwa mipira miwili, mmoja unaoleta petroli na mwingine unaoipeleka kwenye kabureta.

Hiyo mipira iguse. Ikiwa imekauka na kupasuka, usiwashe gari hata kama fundi anasisitiza “tujaribu tu.” Petroli ikidondokea injini iliyopata moto, gari litaungua. Na kasha la injini hii limetengenezwa kwa madini yenye magnesi nyingi, ambayo yakishika moto ni kazi kweli kuzima. Mipira ni bei ndogo. Badilisha yote kwanza.

Silinda nne, mbili kila upande

Injini imelala chali. Silinda mbili ziko kulia, mbili kushoto, na pistoni zinasukumana kama mabondia. Kulia, iliyo mbali nawe ni nambari 1, iliyo karibu nawe ni 2. Kushoto, ya mbali ni 3, ya karibu ni 4. Moto unapita kwa mpangilio wa 1-4-3-2. Andika hiyo mahali. Fundi akichanganya nyaya za plagi, gari litakohoa na kupiga risasi, kisha utaambiwa kabureta imeharibika.

Kila silinda ni kipande cha pekee chenye mapezi mengi membamba. Upepo wa feni unapita katikati ya hayo mapezi na kubeba joto. Yakijaa matope na oili, au panya akijenga kiota hapo (na gari limekaa kwa boma miaka mingapi?), joto halina pa kwenda.

Nambari 3 ndiyo ya kuhurumiwa. Kwenye injini za kabla ya 1971, kipoza oili kimesimama ndani ya boma la feni juu yake, kwa hivyo inapata upepo ambao tayari umeshapata joto. Baadaye kiwanda kilikisogeza kipoza hicho na kukipa njia yake ya upepo.

Mabati si mapambo

Hapa ndipo mimi mwenyewe nililia. Ya kwangu pia ilikuwa ya babu. Nilipoipeleka kwa fundi mmoja, alitoa mabati kadhaa yaliyokuwa yamezunguka silinda, yana kutu, yananuka oili. Akaniambia, “Brathe, hizi ni uchafu, injini itapumua vizuri zaidi.” Ikaonekana safi, nikapiga picha, nikaposti. Mabati yakaenda kwa kilo. Wiki mbili baadaye nikipanda kwenda Limuru, injini ilipoteza nguvu, ikaanza kugonga, ikajifunga. Tulipoifungua, pistoni ya nambari 3 ilikuwa imeyeyuka pembeni.

Kosa lilikuwa letu wawili. Yeye hakujua, nami sikuuliza.

Ni hivi: mabati yale ndiyo mabomba ya upepo. Ya juu yanafunika silinda ili upepo usihepe pembeni. Ya chini, yaliyopindwa kati ya silinda, yanaulazimisha uzunguke hadi upande wa chini. Mengine, pamoja na mpira unaozunguka chumba cha injini, yanatenga hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Ukiondoa moja, feni inaanza kuvuta joto lake yenyewe.

Chini ya silinda za kulia kuna kikopo cha shaba chenye mikunjo kama kodiani. Hiyo ni themostati. Inafungua na kufunga milango midogo ndani ya boma la feni. Nayo isitupwe.

Soma namba, usiuziwe stori

Chini kidogo ya kigoda cha jenereta, kwenye kasha lenyewe, pamechongwa namba ya injini. Futa mafuta kwa kitambaa uisome. Herufi za mwanzo zinasema mengi: D ni 1200, F ni 1300, H ni 1500, na AD ni 1600. Linganisha na logbuku. Zikitofautiana, babu alibadilisha injini au mtu mwingine alifanya hivyo, na ni jambo la kunyoosha mapema kabla hujajaribu kuhamisha gari kwa jina lako.

Tazama pia bomba la hewa linapoingia kwenye vichwa vya silinda. Likiingia moja kwa kila upande, ni injini ya mlango mmoja. Likigawanyika mara mbili kwa kipande cha aluminiamu chenye mipira, ni ya milango miwili, iliyoanza kwenye modeli za 1971, ingawa 1200 ilibaki na mmoja. Vichwa vya aina hizi mbili havibadilishani hivi hivi. Nenda dukani ukijua yako ni ipi.

Chini kabisa, katikati, utakuta sahani ya mviringo yenye nati sita. Ndani yake mna kichujio cha waya, basi. Hakuna filta ya oili ya kuzungusha kama ya Vitz. Injini yote inabeba oili lita 2.5 tu, na hiyo hiyo inasaidia kupoza. Ibadilishe mara kwa mara.

Kabla ya spana

Piga picha kila upande kabla nati moja haijalegezwa. Kila bati linalotoka, liandike jina kwa kalamu ya rangi: kulia, kushoto, juu, chini. Weka kila kitu kwenye gunia lako, si la fundi. Na kipande ambacho hakuna anayejua kazi yake, hicho ndicho cha kulindwa zaidi, hadi apatikane anayejua.

Halafu mpigie mjomba. Mwambie watu wa chuma wangoje.