Kinga ya kinywa kama taaluma: wito kwa vijana wa Ngara na Biharamulo

Jino linapoanza kuuma, mara nyingi ugonjwa umekuwapo kwa muda mrefu. Utando laini wa bakteria hujijenga juu ya meno kila siku. Usipoondolewa, hugeuka kuwa ugaga mgumu usiotoka kwa mswaki. Fizi huvimba na kutoka damu, na hatimaye mfupa unaoshikilia jino huanza kulika. Kwa mgonjwa wa kisukari hali huwa mbaya zaidi, kwani maambukizi ya fizi hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti.

Kuzuia madhara hayo mapema ndiko kulikozaa taaluma ya usafi wa kinywa. Huko Bridgeport, Marekani, Dkt. Alfred Fones alimfunza msaidizi wake, Irene Newman, kusafisha meno ya wagonjwa mwaka 1906. Mwaka 1913 alifungua shule, na wahitimu wake wengi wakaajiriwa kuhudumia wanafunzi.

Nchini Tanzania kazi hii hufanywa kwa sehemu kubwa na tabibu wa kinywa na meno, ambaye pia huziba na kung'oa meno. Aliyehitimu kidato cha nne na kufaulu Biolojia, Kemia na Fizikia anaweza kuomba stashahada ya miaka 3. Vyuo vya Tanga na Mbeya vina historia ndefu katika mafunzo haya. Udaktari wa kinywa na meno katika Chuo Kikuu cha Muhimbili huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo.

Kutoka Ngara hadi Tanga ni kuivuka nchi, toka mpaka wa Rwanda na Burundi hadi Bahari ya Hindi. Hata hivyo, kijana anayerejea kwao huja na nyenzo ambayo mgeni hana, nayo ni lugha. Nusu ya kazi hii ni kuelimisha. Mzazi akielezwa kwa Kihangaza, Kishubi au Kisukuma kwamba yanayoitwa "meno ya plastiki" ni meno ya mtoto yanayoota, na kwamba kuyachokoa huleta maambukizi na kuharibu meno ya kudumu, ataelewa na atauliza maswali.

Wakati tukisubiri wataalamu hao, mhudumu wa zahanati akague fizi za kila mgonjwa wa kisukari na kila mjamzito. Nawe msomaji, piga mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Fizi zikitoka damu, usiache kupiga mswaki. Nenda kituoni kabla jino halijalegea.